Mifarishi Yetu Midogo

Mmetuuliza habari za kazi yetu ya sindano. Sisi hapa chini ya Mlima Meru twashona mifarishi midogo ya vipande vya kanga, pamba katikati na bitana chini, ya kuwafunikia watoto wachanga wakati wa baridi ya Juni na Julai. Mfano wetu ni wa kale. Yasimuliwa kwamba wanawake wa pwani, katika karne ya 19, waliunga leso 6, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja pana. Ndiyo asili ya kanga. Basi nasi twaunga sita sita, na jina la kanga hatulikati, twaliacha lisomeke.

Siku moja mjini Arusha mgeni alidhani mfarishi wetu ni wa zamani sana. Tukanyamaza, tukapokea bei kubwa. Fedha ile ilitusumbua, maana pamba yake tuliinunua juma lile lile. Tangu hapo kila mfarishi twautia mwaka wake kwa uzi mwekundu, na bei twaihesabu mbele ya mnunuzi: kanga, pamba, uzi, na siku za mikono yetu, ambazo hatuzipunguzi. Wengine wakiuona mwaka huurudisha mezani, wakaenda zao.