Ruaha Mkuu: Wataalamu Walipima, Uamuzi Ukapita Kando

Tangu mwaka 1993, Mto Ruaha Mkuu, unaotoka Usangu mkoani Mbeya kuelekea Iringa, umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Lawama ziliwaangukia wafugaji.

Wataalamu wakaenda kupima. Tafiti za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zikiwamo za Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Uingereza, zilionyesha chanzo kikuu kingine: mabanio ya skimu za mpunga yaliendelea kuchepusha maji hata baada ya mavuno, yakipotelea mashamba matupu huku viboko wakibanana kwenye vidimbwi huko chini.

Hata hivyo, mwaka 2006 Serikali iliwaondoa wafugaji na mifugo yao Usangu. Mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na hifadhi. Mto uliendelea kukauka.

Sheria ya maji ya 2009 inatambua jumuiya za watumia maji, na Bodi ya Bonde la Rufiji ina makao yake Iringa. Vyombo vipo. Kinachodaiwa sasa ni vipimo vya wataalamu vifike mezani kabla ya amri kutolewa, na mabanio yafungwe mpunga ukishavunwa.