Mnyama wa Msamaria: Haki kwa Waendesha Pikipiki wa Barabara za Vijijini



Mada tuliyopewa leo ni haki na amani barabarani. Hatutazungumzia barabara kuu iendayo Lindi na Dar es Salaam. Tutazungumzia njia zetu wenyewe: mchanga wa Msimbati, na udongo wa njia ziendazo Kilambo na Kitaya, kandokando ya mto Ruvuma. Wakati wa kiangazi mchanga huo humeza gurudumu la mbele. Mvua zikinyesha, udongo huteleza kama sabuni. Huko gari ni la kusubiriwa. Kinachofika ni pikipiki.

Sisi mapadre tunazifahamu njia hizo kwa viungo vyetu. Tumejifunza kupunguza upepo kidogo katika matairi kabla ya kuingia mchangani, kuvuta mafuta kwa kipimo kimoja hadi mchanga uishe, na kutoigusa breki ya mbele kwa ghafla. Tumeanguka pia.

Kanisa liliitambua mapema thamani ya chombo cha usafiri. Mwaka 1927, huko Ujerumani, Padre Paul Schulte alianzisha shirika la MIVA, baada ya mmisionari rafiki yake kufariki Namibia kwa kukosa usafiri wa kumfikisha hospitali kwa wakati. Tangu hapo wamisionari wengi wamesaidiwa kupata vyombo, pikipiki zikiwamo. Lakini tukubali jambo moja: padre aangukapo, waamini humtibu, na pikipiki yake hutengenezwa. Je, kijana wa bodaboda aangukapo, ni nani humwinua?

Tuwape mfano mmoja. Usiku mmoja wa mvua, mama mmoja wa kigango chetu alishikwa na uchungu. Kijana wa bodaboda, Mwislamu, alimchukua pamoja na mkunga wa kijiji, akawafikisha salama kwenye kituo cha afya. Alipokuwa akirudi peke yake aliteleza, akavunjika mguu. Tulipokwenda kumjulia hali tulimkuta kitandani, na mlangoni ameketi mtu aliyetumwa na mwenye pikipiki kudai hesabu ya siku nne. Mwenye pikipiki huyo ni muumini wetu. Kila Dominika hukaa benchi la mbele, na michango yake tumeipokea kwa shukrani bila kuuliza inakotoka. Aibu ile ilikuwa yetu sote.

Tuitazame basi hesabu yenyewe. Katika mkataba wa kawaida, kijana hupewa pikipiki, hulipa kiasi fulani kila siku, na muda ukiisha chombo huwa chake. Tuchukue kwa mfano shilingi 10,000 kwa siku, siku 6 kwa juma. Kwa majuma 52 atakuwa amelipa shilingi 3,120,000. Mafuta, matairi na mnyororo ni juu yake. Akiugua malaria, hesabu haiugui. Njia ikikatika kwa mvua, hesabu hupita. Akishindwa kulipa mwezi wa kumi na moja, hunyang'anywa chombo, na miezi yote aliyolipa hupotea.

Sheria inataka abiria awe mmoja, na wote wawili wavae kofia ngumu. Lakini kijana mwenye deni la jana na la leo atapakia mishikaki, atakimbia gizani, atarudi barabarani mguu haujapona. Tumezoea kumhubiria kuwa haraka haraka haina baraka. Methali hiyo ni ya kweli. Tumhubirie na mwenye chombo, maana haraka nyingine huanzia katika daftari lake.

Hatusemi kwamba madereva hawana kosa. Wapo waendeshao wakiwa wamelewa, na roho ya abiria si mali ya dereva kuchezewa. Wala hatusemi kwamba mwenye chombo asipate faida. Wengi ni walimu na wakulima wa korosho waliodunduliza fedha zao kwa jasho. Tunasema yale aliyoyafundisha Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1981 katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu, Laborem Exercens: kwamba kazi hutangulia mtaji, kwa kuwa kazi hufanywa na mtu, na mtaji ni kitu. Pikipiki haiwezi kuwa na haki kuliko aiendeshaye.

Kwa hiyo tunaomba kila jumuiya ifanye mambo manne. Kwanza, mikataba iandikwe, isomwe mbele ya mashahidi, na itaje siku za ugonjwa na za mvua kuwa hazidaiwi. Pili, kijana akishindwa katikati ya mkataba, kile alichokwisha kulipa kihesabiwe. Tatu, kofia ngumu mbili zitolewe pamoja na pikipiki. Nne, jumuiya ziwe na mfuko mdogo wa kumsaidia dereva aumiaye akibeba mgonjwa, bila kuuliza dini yake. Aidha, tuwakumbushe kina mama mpango wa M-mama, ambao Serikali iliuzindua kitaifa mwaka 2022 kwa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga. Namba yake, 115, hupigwa bila malipo.

Msamaria yule wa Injili ya Luka alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake. Kwetu, Msamaria hana mnyama, amekodishiwa. Tusiwe sisi tunaomdai nauli ya mnyama huyo wakati yeye mwenyewe amelala njiani.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:
1. Katika jumuiya yetu, ni nani wanaomiliki pikipiki zinazoendeshwa na wengine? Mikataba yao ikoje?
2. Dereva wa mwisho kuumia kijijini kwetu alisaidiwa na nani?
3. Tutaanza na lipi kati ya mambo manne, na lini?