Vitamini za Mjamzito na Usonji: Mama Aambiwe Nini Kliniki?



Mwezi Mei 2016, katika mkutano wa watafiti wa usonji uliofanyika Baltimore, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walitoa taarifa iliyowashtua wengi. Akina mama waliokutwa na foleti ya kupindukia katika damu baada ya kujifungua walikuwa na uwezekano zaidi ya maradufu wa kupata mtoto mwenye usonji. Habari ya namna hii ikishazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hubaki sentensi moja tu: vidonge vya kliniki vinaleta usonji. Ninyi wakunga na maofisa lishe ndio mnaokutana na sentensi hiyo dirishani, na mama amekwisha kuamua kuvitupa.

Tuisome taarifa yenyewe. Ilipochapishwa kikamilifu ilihusu akina mama 1,257 na watoto wao wa Boston, wengi wao watu wa kipato cha chini. Kwa waliokuwa na foleti nyingi mno, hatari iliongezeka mara 2.5, na kwa vitamini B12 iliyozidi ikawa hivyo hivyo. Lakini watafiti hao hao waliuliza pia kuhusu umezaji wa vidonge vya vitamini, na hapo sura ikabadilika: waliomeza mara 3 hadi 5 kwa wiki walikuwa na hatari ndogo kuliko waliomeza mara 2 au pungufu, na ndogo kuliko waliomeza zaidi ya mara 5. Tena damu ilichukuliwa siku ya kwanza hadi ya tatu baada ya kujifungua, wakati ubongo wa mtoto ulianza kujengwa miezi minane nyuma. Na kipimo cha damu hakihesabu vidonge. Mwili wenye upungufu wa B12, kwa mfano, hushindwa kuitumia foleti, nayo hurundikana kwenye damu hata kama mama hakuzidisha chochote.

Utafiti ninaoupa uzito zaidi ni wa Norwei, uliochapishwa mwaka 2013. Ulifuatilia watoto 85,176 waliozaliwa kati ya 2002 na 2008. Kwa akina mama waliotumia foliki asidi, yaani foleti ya vidonge, kuanzia wiki 4 kabla ya ujauzito hadi wiki 8 baada ya ujauzito kuanza, mtoto 1 hivi kati ya 1,000 alipata aina kali ya usonji. Kwa wasiotumia, 2 hivi. Mtu makini atauliza: je, si kwamba mama anayekumbuka vidonge mapema ndiye aliyesoma, asiyevuta sigara, aliyepanga mimba yake? Watafiti walilifikiria hilo. Wakawaangalia waliotumia mafuta ya samaki kipindi hicho hicho, kwa kuwa nao ni akina mama wa aina hiyo hiyo, na hawakuona tofauti yoyote. Waliotumia foliki katikati ya ujauzito nao hawakuonyesha nafuu. Kwangu mimi hilo la wakati ndilo kiini cha matokeo yote.

Hata hivyo, huo ni uhusiano, si uthibitisho wa chanzo. Uchambuzi wa mwaka 2019 wa watoto zaidi ya milioni 2 katika nchi tano ulikadiria kuwa sehemu ya kurithi katika usonji ni karibu asilimia 80. Vitamini D nayo imetajwa, ila ushahidi wake bado mwepesi na sitaupotezea muda leo.

Turudi kwetu. Mrija wa neva wa mtoto, ambao usipofunga huleta mgongo wazi, hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa. Akina mama wetu wengi hufika kliniki mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi minne au mitano, na hapo vidonge vya damu vinawasaidia kweli, lakini kuhusu mgongo wazi dirisha limeshafungwa. Ndiyo maana unga uliorutubishwa kwa foliki una maana kubwa kuliko tunavyoupigia debe: unamkuta mwanamke kabla hajajua ana mimba. Tatizo ni mashine za kusaga za mtaani, ambako familia nyingi hupeleka mahindi yao, na virutubisho havifiki huko.

Suala la kipimo nalo lisichezewe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 0.4 za foliki kwa siku pamoja na madini ya chuma. Kidonge cha miligramu 5, kinachopatikana kwenye maduka mengi ya dawa, kina zaidi ya mara kumi ya hapo. Kwa ukanda wa malaria hilo ni hatari ya moja kwa moja, bila kungoja watafiti wa usonji wamalize mjadala: foliki nyingi kiasi hicho hupunguza nguvu ya dawa ya SP tunayompa mjamzito kumkinga na malaria.

Kuna mama mwingine wa kumfikiria, yule mwenye mtoto mwenye usonji ambaye sasa anauliza kama ni yeye aliyekosea. Katika karne iliyopita wataalamu, Bruno Bettelheim akiwa mstari wa mbele, waliwalaumu akina mama kwamba ubaridi wao ndio uliowafanya watoto wawe hivyo. Waliumiza familia nyingi kwa jambo lisilo na msingi, na sioni sababu ya sisi kurudia kosa lile kwa kutumia vidonge. Hakuna utafiti unaoruhusu kumwambia mama mmoja kwamba mtoto wake ana usonji kwa sababu ya alichomeza au hakumeza.

Akitaka kuzaa tena, aanze miligramu 0.4 kila siku kabla hajapata mimba. Kama aliwahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, kiwango chake ni kikubwa zaidi na hupangwa na daktari, ambaye lazima aambiwe mapema kuhusu SP.