Bei Imeshuka kwa Sababu Gani?

(Mada iliyosomwa na Kamati ya Mikopo mbele ya wanachama na wageni waalikwa, katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya kikundi)



Miaka kumi ya kuwekeza hisa kila wiki si mchezo.

Sisi wa Kamati ya Mikopo tumepewa nafasi tuzungumzie nyumba. Sababu mnaijua. Miaka ya mwanzo wanachama walikopa mtaji wa genge, wa vitenge, wa mama lishe. Baadaye ikaja zamu ya ada za watoto. Sasa maombi mengi yanayotufikia ni ya viwanja na nyumba. Tena wapo wenzetu waliopendekeza kikundi chenyewe kinunue nyumba ya kupangisha, ili miaka kumi ijayo iwe inatuingizia kodi.

Wazo hilo ni zuri na leo hatukulipinga. Lakini kila dalali anayeletwa kwetu ana wimbo mmoja: "Akina mama, bei imeshuka, wahini!" Basi sisi tunauliza: imeshuka kwa sababu gani? Katika jiji hili hili la Dar es Salaam nyumba hazishuki bei kwa namna moja. Kuna mahali bei ikishuka huinuka tena, na kuna mahali ikishuka ndiyo imekwenda. Asiyejua tofauti atanunua hasara akidhani amenunua nafuu.

Kushuka kunakoonekana na kusikoonekana

Nyumba iliyonunuliwa kwa shilingi milioni 40, ikiuzwa leo kwa milioni 30, kila mtu anaona imeshuka. Sasa tuchukue mfano mwingine. Tuseme imenunuliwa kwa milioni 40, na baada ya miaka kumi inauzwa kwa milioni 40 zile zile. Wengi tutasema, "Afadhali, haijashuka." Jamani, imeshuka! Kama bei za vitu zinapanda kwa asilimia 4 kila mwaka, basi kilichonunuliwa kwa milioni 40 wakati ule leo kinahitaji karibu milioni 59. Mwenye nyumba hiyo amepoteza karibu theluthi moja ya nguvu ya fedha yake, na hakuna aliyemwibia.

Jambo la pili, tutenganishe jengo na ardhi. Jengo huchakaa. Bati linashika kutu, nyaya zinazeeka, choo kinajaa. Kinachoweza kupanda ni ardhi iliyo chini ya jengo, pamoja na vinavyoifikia: njia, maji, umeme, shule, kituo cha basi. Ndiyo maana nyumba mbili za ramani moja, zilizojengwa na fundi mmoja, zinaweza kuwa na bei za mbali kabisa. Hebu sasa tutembee mtaa kwa mtaa.

Bondeni: bei isiyorudi

Tuanze na bonde la mto Msimbazi. Mto huu unatoka milima ya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, na kumwaga baharini penye daraja la Salender. Kwa miaka mingi watu wamejenga humo kwa sababu ni karibu na Kariakoo, na asiye na nauli anakwenda kibaruani kwa miguu. Ukaribu huo uliipa nyumba ya bondeni bei nzuri kuliko ilivyostahili.

Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na Serikali ikawahamishia Mabwepande baadhi ya waliopoteza makazi. Desemba 2015 na Januari 2016 ikaja bomoabomoa katika bonde hilo hilo. Hata kituo cha mabasi yaendayo haraka pale Jangwani, kilichojengwa kwa fedha nyingi na kuanza kutumika 2016, kimefurika mara kadhaa. Kama maji hayakuogopa kituo cha mabasi, yataogopa vyumba viwili vya mama fulani?

Tazameni jinsi bei ya bondeni inavyokwenda. Kiangazi kikiwa kirefu watu husahau, bei inapanda kidogo, na mnunuzi mgeni huonyeshwa nyumba ikiwa kavu imepakwa rangi. Masika ikija, bei inaanguka. Na sheria nayo iko pale: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kwa hiyo hata mvua ikikuhurumia, sheria haijakuhurumia.

Mwaka 2022 Serikali ilikubaliana na Benki ya Dunia juu ya mradi wa kuliendeleza bonde, na baadaye wakazi wakaanza kulipwa fidia ili wahame. Lakini fidia ni ya aliyekutwa na tathmini. Anayenunua leo kwa kunong'onezwa kwamba "patalipwa tena" hanunui nyumba. Anacheza bahati nasibu kwa fedha za wenzake.

Kando ya barabara: mstari wa mbele na mstari wa nyuma

Tupande sasa Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kiluvya. Hapa hakuna mto. Kwa muda mrefu nyumba iliyotazama barabara ndiyo iliyokuwa na bei kuliko zote, kwa sababu mbele unafungua duka na nyuma unalala. Mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo maeneo hayo ilihesabiwa zaidi ya mita 100 kila upande, zilipigwa X na kubomolewa ili barabara ipanuliwe hadi Kibaha. Wakati ule Serikali ilishikilia kuwa aliyejenga ndani ya hifadhi hana fidia.

Mnaona ajabu yake? Nyumba ya mstari wa mbele, iliyokuwa ghali, iligeuka kifusi. Nyumba ya mstari wa nyuma, iliyokuwa ya bei ndogo kwa kuwa imejificha, ikajikuta inatazama barabara ya njia nane. Hapo bei haikushuka kwa mtaa mzima. Ilikatwa kwa mstari wa kamba ya mpimaji. Hatua chache tu ndizo zilizotenganisha aliyefilisika na aliyepanda cheo.

Na hapa mwanamke aliumia mara mbili. Genge, cherehani, jiko la chapati, friji ya soda, vyote vilikuwa kwenye kibaraza cha ile nyumba ya mbele. Ilipoanguka nyumba, na kibarua kilianguka siku ile ile.

Stendi inapohama, bei inahama nayo

Kushuka kwa aina ya tatu tumekuona Ubungo. Stendi ya mabasi ya mikoani ilipokuwa Ubungo, nyumba za kulala wageni, vibanda na vyumba vya kupanga vya jirani viliishi kwa wasafiri. Februari 2021 stendi mpya ilizinduliwa Mbezi Luis, na wasafiri wakahamia huko. Nyumba za Ubungo hazikubomolewa wala kufurika. Kilichoondoka ni mteja.

Bei ya namna hii inaweza kuinuka tena, maana ardhi ni salama na Ubungo ni njia panda ya jiji. Lakini inahitaji mwenye nyumba abadilishe kazi yake. Chumba cha msafiri wa usiku mmoja kiwe chumba cha mpangaji wa mwaka. Anayesubiri mabasi yarudi atasubiri sana. Funzo letu ni kwamba tusilipe bei kubwa kwa sababu ya kitu kimoja tu kilicho jirani. Stendi huhama, soko huhama, hata chuo huhama.

Ng'ambo: bei iliyoganda

Aina ya nne ni ya Kigamboni. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa kujenga mji mpya, na wananchi wa maeneo yaliyohusika wakazuiwa kuyaendeleza huku wakisubiri. Mji huo haukujengwa kama ulivyotangazwa. Lakini katika miaka ya kungoja, mtu asiyeweza kuongeza chumba wala kuezeka upya, nyumba yake angemwuzia nani? Benki nayo ingeishika kama dhamana kwa moyo gani? Bei haikuporomoka kwa kishindo, iliganda. Na tumeshaona kwenye mfano wa milioni 40 kuwa bei iliyoganda ni bei inayoshuka.

Aprili 2016 daraja la Kigamboni likafunguliwa, na mtu akaweza kuvuka bila kungoja kivuko. Kwa hiyo eneo moja lilipata habari mbili, moja ya kuzuia na moja ya kufungua. Aliyeuza katika hofu alimwachia mwenye subira faida. Lakini subira nayo ina gharama: ada za shule hazisubiri daraja. Mwenye akiba ndiye awezaye kungoja, na hiyo ndiyo kazi ya kikundi kama hiki.

Karatasi

Katika mitaa yote minne, kuna kitu kimoja kinachoamua nani ataumia zaidi, nacho ni karatasi. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na sisi tuna haki ya kuitumia. Hati inaweza kutolewa kwa muda wa hadi miaka 99. Leseni ya makazi, iliyoanza kutolewa jijini mwaka 2004 kwa wakazi wa maeneo yasiyopimwa, ni ya muda mfupi. Na karatasi ya mauziano iliyosainiwa mbele ya mjumbe ni ushahidi kwamba fedha zimetoka mkononi mwako. Si ushahidi kwamba mahali pale panaruhusiwa kukaa mtu. Sheria hiyo hiyo inataka ardhi inapotwaliwa kwa manufaa ya umma, mwenye haki alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Neno kubwa hapo ni "mwenye haki".

Akina mama, na jina lenu liwemo. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa hiyo isiwe ya kutikisa kichwa jikoni. Iandikwe, isomwe, ndipo isainiwe. Bei ikishuka, mkopo haushuki. Nyumba ya milioni 30 inaweza kubeba deni la milioni 35, na aliyesaini bila kusoma ndiye atakayeamshwa na mlango kugongwa.

Mapendekezo ya Kamati

Kwa hayo tuliyoyaeleza, tunaomba mkutano ukubali haya kabla fedha za kikundi, au mkopo mkubwa wa mwanachama, hazijaingia kwenye nyumba au kiwanja:

1. Muuzaji aulizwe kwa nini bei imeshuka, na jibu lake liandikwe kwenye fomu. "Ana shida ya haraka" ni jibu, lakini litafutiwe shahidi.

2. Wajumbe watatu waitembelee nyumba mara mbili, na mara moja iwe wakati wa mvua. Waangalie alama za maji ukutani, wawaulize wapangaji na majirani, si dalali.

3. Ofisi ya ardhi ya manispaa iulizwe kuhusu hifadhi ya barabara, kingo za mto na mpango wowote uliotangazwa. Penye hati, upekuzi ufanyike kwa msajili kabla ya malipo, si baada.

4. Kodi ya nyumba tatu za jirani ilinganishwe. Bei ya kuuza inaweza kutajwa yoyote, lakini kodi inayolipwa kweli ni vigumu kuidanganya.

5. Kwenye bonde na ndani ya hifadhi, kikundi kisinunue kwa bei yoyote, hata ikiwa nusu, hata ikiwa robo.

Wapo watakaosema masharti haya yatatuchelewesha na nafuu itatupita. Ipite. Nafuu nyingine itakuja, maana jiji hili halikosi mwenye kuuza. Lakini hisa zilizomo ndani ya sanduku letu zimetoka kwenye maandazi, kwenye mboga za alfajiri, kwenye mishahara midogo ya wenzetu. Wengine waliozichangia wameshatangulia mbele ya haki, na watoto wao wanatutazama sisi. Fedha hizo zikizama bondeni, hakuna masika yatakayozirudisha.

Mheshimiwa mgeni rasmi, akina mama wenzetu, mwenda pole hajikwai. Kikundi chetu kimekwenda pole miaka kumi na kimefika. Tuinunue hiyo nyumba, lakini tukijua imesimama juu ya nini.