Msaada wa Masomo na Kibali cha Njia



Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la kijana wa leo ni elimu. Lakini jembe lililofungiwa ghalani halilimi, na msaada wa masomo haumfai mwanafunzi asiyeweza kufika darasani. Jambo hili linawahusu wanajeshi na polisi.

Tuitazame Malawi. Dzaleka, wilayani Dowa, kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe, palikuwa gereza kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Kambi ilikusudiwa watu wapatao 10,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao wakitoka Kongo, Burundi na Rwanda. Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, iliweka pingamizi zake, zikiwamo zinazohusu elimu na uhuru wa kusafiri. Kwa hiyo mkimbizi hutakiwa kukaa kambini, na akitoka awe na kibali.

Bodi ya mikopo ya wanafunzi ya Malawi, iliyoundwa kwa sheria ya 2015, huwakopesha raia. Mkimbizi hutegemea wafadhili, hasa mpango wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani na kusimamiwa na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Mpango huo huwasaidia wateule wake kwa karo, vitabu, chakula, malazi na nauli. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi.

Tatizo huongezeka wakati wa likizo. Chuo kikifungwa, watu hudhani mwanafunzi hana tena kazi mjini. Kumbe yuko anayerudia somo aliloshindwa, na yuko aliye katika mafunzo kwa vitendo. Nchini Marekani, nyongeza ya ruzuku ya Pell kwa masomo ya kiangazi iliondolewa mwaka 2011, ikarejeshwa mwaka 2017 kwa mwanafunzi aliyejiandikisha kwa angalau nusu ya masomo ya kawaida. Mjadala wa huko ulihusu fedha. Mwanafunzi wa Dzaleka hata akipata fedha hizo, bado ana swali la pili: je, nitaruhusiwa kupita?

Tuchukue mfano wa kijana aliyepanga chumba Nsungwi, Area 25, mjini Lilongwe. Kibali chake kinakwisha pamoja na muhula, na kozi ya likizo inaanza juma linalofuata. Akirudishwa kambini, somo limempotea. Tena mfadhili hupima maendeleo ya mwanafunzi. Kwa hiyo hata msaada wa mwaka unaofuata waweza kuwa mashakani.

Mwezi Mei 2023, baada ya Serikali kuwaamuru wakimbizi warejee Dzaleka, vyombo vya dola vilifanya msako mijini. Serikali ina haki ya kujua nani anaishi wapi. Wala hatumwombi askari afumbe macho mbele ya sheria. Hapa Tanzania pia, Sheria ya Wakimbizi ya 1998 humtaka mkimbizi awe na kibali anapotoka kambini.

Tunachomwomba askari ni kuitumia sheria kwa ukamilifu. Asome hati yote, si tarehe peke yake. Penye shaka, aulize chuoni au kwa wasimamizi wa kambi kabla ya kumtia mtu ndani. Na kamwe asigeuze shaka hiyo kuwa mlango wa rushwa, kwa maana pesa atakayoipokea ni nauli na chakula cha mwanafunzi.

Vyuo navyo visikae kimya. Barua ya kuthibitisha kozi ya likizo itolewe mapema, ili wenye mamlaka waandike kibali kinacholingana na siku za masomo.

Amani itakaporejea, nchi za vijana hawa zitahitaji walimu na waganga. Askari atakayesimama barabarani kesho asubuhi ana sehemu yake katika kazi hiyo.