Bustani Niliyoifuta Ubaoni



Nimesimama kuungama kosa.

Asubuhi moja ya baridi hapa Uyole, mwalimu wetu wa sanaa alitufundisha namna ya kuchora vitu vya mbali. Kwa chaki tu, alichora ubaoni bustani ya Villa d'Este iliyoko Tivoli, karibu na Roma: ngazi za mawe, miti mirefu iliyochongoka, na juu kabisa jumba la kifahari. Alitueleza kwamba Mfaransa Fragonard aliichora bustani hiyo mwaka 1760, akiwa kijana wa miaka 28, kwa chaki nyekundu juu ya karatasi. Michoro yake kumi ya huko Tivoli ingali imehifadhiwa katika makumbusho ya Besançon, Ufaransa.

Kengele ikalia. Zamu ya kufuta ubao ilikuwa yangu. Wenzangu wakasema, "Iache!" Nikamwogopa kiranja, nikafuta. Mwalimu aliporudi kumalizia vivuli, aliutazama ubao mtupu, akaniambia, "Haya, umetimiza zamu yako." Hakuichora tena, wala hakuna aliyekuwa ameinakili.

Ndugu zangu, chaki ya Fragonard ilidumu kwa kuwa ilipata karatasi na watunzaji. Ya mwalimu wetu ilinipata mimi.

Kwa hiyo leo nimeleta karatasi na chaki za rangi. Wanafunzi, choreni bustani ya shule hii, pamoja na kabichi zake. Nawe mwenye zamu, kabla hujafuta, uliza.