Akiba Inayooza: Jinsi Maktaba ya Filamu ya Taifa Ilivyoanzishwa Uingereza



Wahenga walisema akiba haiozi. Mkulima aliyekausha mahindi yake vizuri na kuyaweka ghalani, mahali pasipofikiwa na panya, aweza kulala bila wasiwasi hata msimu wa njaa ufike. Lakini iko akiba moja ambayo huoza ingawa imefungwa barabara katika mkebe wake na hakuna mtu aliyeigusa. Akiba hiyo ni filamu za sinema. Mazungumzo haya yahusu watu wa Uingereza waliokabidhiwa ulinzi wa akiba hiyo tangu mwaka wa 1935, shida walizozikuta, na kanuni ngumu waliyoiweka, ambayo iliwaudhi watu wengi kabla faida yake haijaonekana.

Ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha sinema yao mbele ya watu waliolipa kiingilio mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895. Haikutimia miaka mitatu, na katika mwaka wa 1898 mpiga picha mmoja kutoka Poland, Bwana Bolesław Matuszewski, alichapisha kijitabu katika mji huo huo. Alishauri kwamba pawekwe nyumba maalum ya kuhifadhi filamu, ili watu wa baadaye wapate kuyaona kwa macho yao mambo yaliyotukia kabla hawajazaliwa. Shauri lake lilikuwa jema, lakini halikufuatwa. Watu waliihesabu filamu kuwa bidhaa ya biashara tu, ambayo ikishazunguka mijini na kuleta faida yake haina thamani tena, kama gazeti la juzi. Nyingi ziliyeyushwa ili madini ya fedha yaliyomo yapatikane. Na sinema zenye sauti zilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, zile zisizo na sauti zilikosa wanunuzi, zikatupwa au kuchomwa moto kwa maelfu.

Katika mwaka wa 1932 wataalamu wa elimu huko Uingereza walitoa taarifa yao juu ya sinema na maisha ya taifa. Kwa ajili ya taarifa hiyo chama kiitwacho British Film Institute kilianzishwa mwaka wa 1933, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kukusanya na kutunza filamu zinazostahili kudumu. Mwezi wa Mei 1935 Maktaba ya Filamu ya Taifa ilianza kazi yake mjini London. Mtunzaji wake wa kwanza alikuwa Bwana Ernest Lindgren, kijana aliyezaliwa mwaka wa 1910. Katika mwaka huo huo wa 1935 mvulana mmoja, Harold Brown, aliajiriwa na chama hicho kuwa mtumishi mdogo wa ofisini. Hakuna aliyedhani kwamba mvulana huyo atakuja kuwa bingwa wa kazi ya kuokoa filamu.

Wasikilizaji wasidhani kwamba Maktaba ilianza kwa utajiri. Kwa upande wa vitabu, sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1911 ilimlazimisha kila mchapaji kupeleka nakala moja ya kitabu chake katika maktaba kuu ya nchi. Kwa upande wa filamu hapakuwa na sheria ya namna hiyo. Wala Maktaba haikuwa na fedha za kununulia. Ilimpasa Bwana Lindgren aende kwa wenye makampuni, mmoja baada ya mwingine, akiomba wampe bure nakala ya kitu kilichowagharimu fedha nyingi. Wengine walikubali, wengine walikataa, na wengine waliogopa kwamba mali yao itaonyeshwa bila ruhusa. Hapana budi basi kwamba mlinzi wa mali ya namna hii awe, kwanza kabisa, mtu wa kuaminika.

Tena ilikuwa lazima kuchagua. Filamu zilizotengenezwa kila mwaka zilikuwa nyingi, na mahali pa kuziweka palikuwa padogo. Kwa hiyo kamati za wajuzi ziliwekwa kuamua ni zipi zihifadhiwe: hizi kwa ajili ya historia, hizi kwa ajili ya sayansi, na hizi kwa uzuri wa kazi yenyewe. Filamu za habari za kila juma, zinazoonyesha barabara, masoko, viwanda na mavazi ya watu, zilihesabiwa kuwa na thamani sawa na hadithi zilizochezwa na watu mashuhuri. Kwa maana mtu wa miaka mia ijayo atataka kujua siyo tu wafalme walivaa nini, bali pia mwashi alishika mwiko namna gani.

Adui mkubwa kuliko ukosefu wa fedha alikuwa filamu yenyewe. Mkanda wa filamu za siku zile ulitengenezwa kwa pamba iliyotiwa asidi ya naitriki, kisha ikachanganywa na kafuri ili mkanda uwe laini usikatike. Pamba ya namna hiyo ni ndugu wa baruti ya pamba. Mkanda ukishika moto, hauzimiki kwa maji wala kwa kufunikwa, kwa sababu hewa ya kuuchochea moto inatoka ndani yake wenyewe. Hata ukizamishwa majini huendelea kuungua. Na usiposhika moto, huoza. Kwanza picha hufifia. Halafu mkanda hunata kama asali. Kisha hutoa povu na harufu kali. Mwishowe hugeuka vumbi la rangi ya kahawia. Mvuke wa mkanda uliooza huharibu ile iliyo jirani, na hapo methali ya samaki mmoja akioza huwa kweli kabisa. Joto na unyevu huharakisha maangamizi hayo.

Bwana Lindgren alipoyafahamu haya aliweka kanuni yake. Alisema kwamba filamu iliyo moja tu, isiyo na nakala nyingine, haitapitishwa katika mashine ya kuonyeshea sinema, hata aombaye awe nani. Kila mara mkanda unapopita katika mashine hupata mikwaruzo, na matundu yake ya pembeni huweza kupasuka. Kwanza itengenezwe nakala ya kutazamwa. Ile ya asili ikae mahali pa baridi, pakavu na penye giza. Ndiyo sababu Maktaba iligawanywa sehemu mbili tangu mwanzo: sehemu ya kuhifadhi na sehemu ya kuazima. Mtu aliyetaka filamu ya kuwaonyesha wanafunzi wake alipewa iliyo katika sehemu ya kuazima. Ile ya kuhifadhi ilikuwa mali ya watoto ambao hawajazaliwa.

Kanuni hiyo haikupendwa na wote. Mjini Paris, Bwana Henri Langlois, ambaye pamoja na wenzake alianzisha nyumba ya filamu ya Ufaransa mwaka wa 1936, alikuwa na mawazo mengine. Yeye aliamini kwamba filamu isiyoonyeshwa ni kama imekufa, na kazi ya mtunzaji ni kuwaonyesha watu kila usiku. Kweli katika ukumbi wake walijifunza vijana ambao baadaye walikuwa watengenezaji mashuhuri wa sinema, kama François Truffaut na Jean-Luc Godard. Lakini mwaka wa 1959 moto ulitokea katika jengo la nyumba hiyo na kuteketeza filamu nyingi. Wapo wanaomsifu Bwana Langlois kwa ukarimu, na wapo wanaomsifu Bwana Lindgren kwa uangalifu. Ni kama wazee wawili wenye mbegu: mmoja awagawia majirani wapande leo, na mwingine afunga kibuyu kwa ajili ya mwaka wa ukame. Kijiji chawahitaji wote wawili, ila yafaa ikumbukwe kwamba mbegu ikishaliwa yote, hakuna ukarimu utakaoirudisha.

Pamoja na tofauti zao, watunzaji hao walijua kwamba kazi hii haina mipaka ya nchi. Katika mwaka wa 1938 nyumba nne za filamu, za Uingereza, Ufaransa, Marekani na Ujerumani, ziliungana na kufanya shirikisho la kimataifa ili zipate kubadilishana filamu na maarifa. Mwaka uliofuata vita kuu vilianza, na nchi hizo zikawa maadui. Shirikisho halikufa, baada ya vita liliendelea, na leo lina wanachama zaidi ya mia moja katika mabara yote.

Vita vilileta hatari mpya. Ghala la filamu katikati ya London, wakati mabomu yaanguka usiku, lilikuwa kama ghala la baruti. Filamu zilihamishwa shambani, na katika mwaka wa 1940 vyumba vya kuzihifadhi vilijengwa katika kijiji cha Aston Clinton, jimbo la Buckinghamshire. Huko ndiko Harold Brown alikofanya sehemu kubwa ya kazi yake. Alikuta filamu za kale zimenywea, hata matundu yao hayalingani tena na meno ya mashine yoyote. Akaunda mashine yake mwenyewe ya kuzinakili, picha moja moja, polepole, akitumia vipande vya mashine kuukuu na vyuma vya kuchezea watoto viitwavyo Meccano. Mashine hiyo isiyo na sura nzuri iliokoa picha ambazo mashine za bei kubwa zisingeweza kuzigusa.

Kadhalika alitumia njia ya kupima ugonjwa wa filamu kabla haujaonekana kwa macho. Kipande kidogo sana, kama kitobo cha tiketi, hukatwa pembeni mwa mkanda na kupashwa moto ndani ya kichupa pamoja na karatasi iliyotiwa rangi. Filamu iliyo dhaifu hutoa mvuke wa asidi upesi, na rangi ya karatasi hupauka. Kwa njia hii Maktaba ilijua ni filamu ipi inayotakiwa kunakiliwa mwaka huu, na ipi inayoweza kungoja. Fedha zilikuwa chache, lakini zilitumika mahali palipo na haja.

Katika mwaka wa 1955 Maktaba ilibadilishwa jina ikaitwa Hifadhi ya Filamu ya Taifa. Bwana Lindgren aliiongoza mpaka alipofariki mwaka wa 1973. Leo hujulikana kwa jina la BFI National Archive, na ni mojawapo ya hifadhi kubwa za filamu duniani. Mikanda ya asidi ya naitriki iliacha kutengenezwa mapema katika miaka ya 1950, ikafuatwa na mikanda isiyolipuka. Lakini hiyo nayo ilionekana baadaye kuwa huoza na kutoa harufu ya siki. Kwa hiyo hifadhi hiyo ilijenga ghala la baridi kali, chini ya kiwango cha maji kuganda. Kazi ya ulinzi haina siku ya kumalizika.

Je, mambo haya yawahusu nini watu wa Afrika ya Mashariki? Yawahusu sana. Kati ya mwaka wa 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Filamu 35 zilitengenezwa, Waafrika wakiwa wachezaji, nazo zilionyeshwa kwa gari Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Katika zote hizo, zinazojulikana kuwa zimebaki ni tatu tu: moja ya mafunzo ya matibabu ya mifugo, moja ya ugonjwa wa safura, na moja ya mashamba ya wakulima wa Kingolwira, karibu na Morogoro. Zote tatu zimo katika hifadhi hiyo ya Uingereza.

Na hapa pana jambo la kufikiriwa. Filamu za Vugiri zilikuwa za mkanda mwembamba, ambao haukutengenezwa kwa ile pamba ya kulipuka. Kwa hiyo hazikuwa na ule ugonjwa uliokuwa ukizisumbua filamu za Aston Clinton. Kilichozikosa ni mlinzi. Ni kweli kwamba filamu hizo zilionyesha mambo kama watawala walivyotaka yaonekane, na mwenye kuzitazama leo yampasa azitazame kwa akili. Lakini ndani yake walikuwamo watu halisi, mwendo wao, zana zao na nyumba zao. Filamu 32 zikipotea, watu hao nao hupotea, na wajukuu zao hawana njia ya kuwatafuta.

Basi mtu mwenye mikanda ya zamani, ikiwa ni ya harusi, ya shule, ya chama cha ushirika au ya kanisa, asiitupe. Asiijaribu katika mashine kuukuu kwa haraka ya kuiona. Aiweke mahali pakavu na pa baridi kuliko pengine pote nyumbani, mbali na jiko na mbali na bati lenye jua. Ikiwa inatoa harufu ya siki, aitenge na mingine. Juu ya mkebe aandike majina ya watu wanaoonekana, mahali na mwaka, maadamu wazee wanaowajua wako hai. Kwa maana picha isiyo na jina ni nusu ya picha. Kisha awaulize watunzaji wa kumbukumbu za nchi namna ya kuinakili. Akiba hii huoza, lakini haiozi yote kwa siku moja. Mlinzi akiwahi, hukuta kitu cha kuokoa.